Wimbo wa Nyongeza

Bi Zuhura alizikwa Kiswere siku ya Ijumaa baada ya swala. Nilipofika wanaume walikuwa wameshaenda makaburini, nikaingia uani, nikapewa kisu na kuonyeshwa beseni la mihogo ambalo wanawake wengine walikuwa wamelizunguka. Ua ulikuwa vile vile kama nilivyouacha: mkeka wa kufundishia watoto umeviringishwa na kuegemezwa ukutani, na mbao zao za kuandikia zimepangwa chini ya paa la makuti. "Mimi kanifundisha alifu hapo hapo ulipokaa wewe," mwanamke wa pembeni yangu alisema. "Alikuwa na fimbo ndefu, inamfikia mpaka wa nyuma bila yeye kunyanyuka." Mwingine akasema hakupiga kwa hasira. "Hasira ya nini, na wewe ulikuwa unasinzia?" Wakacheka kwa chini, kicheko cha msibani. Kisha bibi mmoja aliyekuwa anachambua mchele akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Na sauti ile. Akisoma yeye, mtoto anayelia ananyamaza." Wote wakaitikia. Mimi nikainamia muhogo wangu. Yule wa pembeni akaniuliza nilimjuaje marehemu, maana sura yangu hakuizoea. Nilimwambia nilimfanyia kazi mwaka mmoja, zamani. Hakuuliza kazi gani, na mimi sikuongeza.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani muda mrefu, na nilikuwa na aibu kiasi kwamba nikitumwa dukani nilisubiri watu wote waondoke ndipo niseme ninachotaka. Fundi Chande, fundi redio wa Kilwa Masoko, alinichukua kwa sababu hiyo hiyo. Alisema msichana aliyekuwepo kabla yangu alipiga soga na wateja mpaka akachanganya kadi zao. Chumba chake cha kazi kilikuwa zamani stoo ya chumvi. Chumvi ilikuwa imeingia ukutani, chokaa haishiki, na kila asubuhi nilifagia unga mweupe chini ya meza. Upande wa mlangoni alikaa yeye na redio zake zilizopasuliwa matumbo. Upande wa ndani nilikaa mimi na kompyuta, feni, na kipande cha kanga tulichofunikia kibodi ili chumvi isiingie. Mchana tulikula kwenye sahani moja, ugali wa mtama na kisamvu au samaki wa kukaanga, yeye akiongea na mimi nikitafuna. Nikifikiria leo naona kwamba chumba kile kilinifaa kwa sababu watu walikuja kwangu na mahitaji yao tayari mdomoni. Sikulazimika kuanza mimi.

Kazi yangu ilikuwa kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Ilikuwa miaka ile ya simu za Kichina zenye spika nyuma, kila bodaboda anapita na muziki wake, na intaneti bado ilikuwa ya watu wa ofisini. Mteja alileta kadi, akataja anachotaka, nami nikaandika kwenye daftari polepole, kwa sababu kuandika kwangu ni kwa polepole hadi leo. Fundi alikuwa na desturi yake: aliyejaza kadi nzima alipewa wimbo mmoja wa nyongeza, kama muuza samaki anavyoongeza mmoja mdogo juu ya fungu. Wimbo wa nyongeza nilichagua mimi, na mteja hakuulizwa. Ndicho kitu pekee mle ndani kilichokuwa cha uamuzi wangu.

Kaseti ilikuja ndani ya redio mbovu. Familia moja ya Lindi ilileta redio kaseti ya marehemu baba yao, Fundi akaichukua kwa ajili ya vipuri, na ndani tukakuta kaseti imekwama, utepe wake umejizungusha kwenye gurudumu la mpira. Akanipa niikwamue. Nilikaa nayo siku mbili. Utepe ulikuwa na ukungu mweupe. Niliunyoosha kwa vidole, nikaufuta kwa pamba, nikaurudisha ndani kwa kuzungusha kalamu kwenye tundu. Kwenye karatasi yake paliandikwa kwa wino uliofifia: Ukumbi wa shamba, Jumamosi. Tulipoiweka kwenye redio nzima tulisikia kwanza mvumo mtupu, muda mrefu, mpaka Fundi akanyoosha mkono aitoe. Ndipo besi ikaanza. Ilitembea peke yake kidogo kama mtu anayekagua nyumba mpya, kisha ngoma zikaingia, kisha gitaa likaanza kukwaruza haraka haraka kama mtu anayekuna nazi. Fundi aliweka chini chuma chake cha kulehemu. "Fanki hiyo," alisema. "Hao vijana wa shamba la mkonge. Kampuni iliwanunulia vyombo, wakawa wanaiga soul ya Wamarekani kwa Kiswahili. Suruali za bugaluu, Somoe, mtu akitembea utadhani anafagia barabara. Sisi watoto tulichungulia dirishani."

Kisha msichana akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa kavu, imechubuka kidogo pembeni. Alimwambia mtu asimsubiri pale kwenye mizani ya mkonge kwa sababu hatokei, na kila ubeti ulipoisha akabadili nia na kusema atatokea. Nilimuuliza Fundi anayeimba ni nani. "Sijui. Wasichana hawakukaa sana kwenye bendi. Walikuwa wanaolewa." Tuliirudia mara nne siku ile, mpaka umeme ukakatika. Nimejaribu mara nyingi kueleza kilichonishika, na nafikiri ni hiki tu: ilikuwa sauti ya mtu wa umri wangu, na haikumwogopa mtu. Kesho yake nilivuta wimbo ule kwa waya kutoka kwenye redio hadi kwenye kompyuta. Kwa kuwa haukuwa na jina, niliuandika NYONGEZA, na tangu siku ile kila aliyejaza kadi aliondoka nao.

Katika miezi mitatu ulifika Nangurukuru, ukafika Lindi. Waliopenda walirushiana kwa simu wenyewe. Nilikaa ndani ya chumba changu cha chumvi nikausikia ukipita barabarani, asubuhi na mchana, na nilijiona kama ni mimi ninayesema na watu wote wale. Sikuwahi kujiuliza mwenye sauti yuko wapi. Nilimweka pamoja na mwenye redio, katika kundi la marehemu, kwa sababu kaseti ilikuwa imetoka kwa marehemu. Kosa langu lilianzia hapo, na sidhani mtu asiyezoea kuletewa vitu vya waliokufa angeweza kulifanya.

Siku moja bodaboda mmoja aliingia na kofia yake kichwani. "Dada Somoe, umenitia matatani. Nimepeleka abiria Kiswere, wimbo wako unalia, katoka bibi mmoja mwalimu wa chuo cha Kurani, kasimama katikati ya njia. Nikafunga breki. Ananiuliza, hii umeitoa wapi? Nikamwambia kwa Somoe, Masoko, kwa Fundi Chande." Nilimuuliza kama alikuwa na hasira. "Angekuwa na hasira ningekimbia. Alikuwa ameshika ukuta." Akaongeza: "Anasema uende."

Nilichelewa wiki nzima kwa woga, kisha nikaenda. Nilipiga hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, karibu. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyejitanda mtandio mweupe. Watoto walikuwa wamekwenda kuoga. Aliniwekea ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chumvi yenye pilipili pembeni, akangoja nile ndipo aseme. "Unao hapo?" Nikasema ninao kwenye simu. "Uwashe. Kidogo, usitoke nje ya ua." Aliusikiliza amelaza kiganja juu ya mkeka. Katikati alisema, "Hapa mpiga ngoma kachelewa, alikuwa anamwangalia msichana mlangoni." Ulipofika ubeti wa mwisho alisema, "Zima," nami nikazima. Nikaanza kunyanyuka niondoke.

"Nani mwingine anajua kuwa ni mimi?" Nilimwambia hakuna, hata mimi nimejua sasa hivi. Akasema, "Usidhani naona haya. Sikuacha kwa kutukanwa. Bendi walilia nilipoondoka. Niliacha kwa sababu nilitaka kuacha, nikamwambia Mungu nimeacha, na nikawaomba wenye kaseti wazivunje. Waliniambia wamezivunja." Nilimwomba radhi. Nilisema kwa sauti ndogo hadi akaniambia nirudie. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini samahani haiirudishi sauti. Sikiliza, mwanangu. Nikiwa hai na sauti ile ikatembea, naweza kusema astaghfirullah, kila siku, sichoki. Nikishakufa itaendelea kuimba, na mimi sina mdomo wa kutubia. Unaelewa?" Nilielewa. Sio wote watakaosoma hapa watakubaliana naye. Hata mimi kuna siku nakubali na siku nashindwa. Lakini sauti ilikuwa yake. "Umeipeleka wewe," alisema. "Nirudishie wewe."

Hiyo ndiyo kazi niliyomfanyia, na nilianza na kompyuta na simu yangu. Kadi zina tabia ya kurudi; mtu akichoka na nyimbo zake huja kuzibadili, na kila iliyorudi niliifuta NYONGEZA kabla ya kitu kingine. Hizo zilikuwa rahisi. Ambazo hazikurudi ilibidi nizifuate, na hapo ndipo nilipokutana na mdomo wangu. Siku ya kwanza nilikwenda kijiwe cha bodaboda nimeshika karatasi niliyoiandika nyumbani: Naomba nifute wimbo mmoja kwenye simu yako, nitakupa miwili. Nilimpa wa kwanza, akaisoma kwa sauti kwa wenzake wote. "Jamani, Somoe kaleta barua." Mwingine akasema, "Kwani wimbo umekutukana, dada?" "Atakuwa kaachwa. Huo ulikuwa wimbo wao." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilisimama pale pale, nikasema, "Naomba tu," na yule wa kwanza akanipa simu. Kesho yake sikuandika karatasi. Mwezi wa pili nilikuwa naingia sokoni, naingia kwa wauza mikate, napanda hadi Nangurukuru na kusimama mbele ya watu wazima nisiowajua nikiwaomba simu zao. Waliuliza kwa nini, na sababu sikuwa na ruhusa ya kuitoa. Fundi Chande ndiye aliyenipunguzia kazi, bila kuniambia: alimnong'oneza mteja mmoja kwamba wimbo ule una jini. Baada ya hapo watu walinitafuta wao. Kuna mama alileta simu ya mwanawe ameifunga kwenye kitambaa. Nilipompelekea Bi Zuhura habari hiyo nilitegemea atanuna. Alicheka hadi akajifuta macho kwa pembe ya mtandio. "Haya," alisema, "nimekuwa mwimbaji, nimekuwa mwalimu, sasa nimekuwa jini."

Nilikuwa nakwenda kwake kila baada ya wiki mbili tatu kumwambia nilipofika. Alinipa kazi ya mikono tukiongea, kuchambua mchele au kusuka ukili wa mkeka, na akaniambia mambo ya bendi ambayo nafikiri hakuwahi kumwambia mtu: kwamba walifanyia mazoezi kwenye banda la magunia, kwamba vipaza sauti viliwapiga shoti wakati wa masika, kwamba alifundishwa kushika pumzi na mpiga tarumbeta mmoja Mmakonde aliyekuwa anaimba kanisani. "Kushika pumzi kule ndiko ninakosomea Kurani hadi leo," alisema. "Kwa hiyo siwezi kusema ilikuwa hasara yote." Kwenye magoti yake kulikuwa na mtoto wa jirani anayejifunza kuhesabu vidole vyake. Nilimsikiliza, na njiani kurudi niligundua nilikuwa nimeuliza maswali mengi kuliko niliyowahi kumuuliza mtu yeyote.

Karibu na mwisho wa mwaka alikuja kijana mmoja kutoka Dar. Alikuwa anazunguka kutafuta rekodi za zamani, bendi ambazo hakuna anayezikumbuka, na alikuwa amesikia wimbo ule kwenye simu ya utingo wa lori kabla sijamfutia. Alikuwa mtu mzuri, nisimseme vibaya. Alijua majina ya magitaa, alijua kwamba vijana wa mashambani walipiga muziki ambao watu wa Ulaya sasa wanautafuta kwa taa, na alisema akipata kaseti yenyewe ataitengenezea santuri na watu wa Lindi wataandikwa mahali. "Dada, hapa mmekalia kitu kikubwa," alisema. "Kikipotea hiki, hakuna kingine." Fundi alinitazama. Kaseti ilikuwa kwenye droo yangu, chini ya kanga. Aliuliza kama mwimbaji yuko hai. Nilisema sijui. Aliuliza kaseti. Nilisema iliharibika. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa maana, na niliusema nikimtazama usoni, kitu ambacho mwaka mmoja kabla nisingeweza hata kwa ukweli. Alipoondoka Fundi alisema, "Alichosema yule ni kweli, lakini." Nikasema najua. Nilijua hasa. Hadi leo nikisikia muziki wa aina ile kutoka nchi nyingine, ukisifiwa redioni kwamba umefufuliwa, naacha ninachofanya nikasikiliza hadi mwisho.

Alasiri ile ile niliipeleka kaseti Kiswere na kuiweka mkononi mwake. Niliporudi safari iliyofuata, utepe wote ulikuwa umetandazwa juu ya mtama wake nyuma ya nyumba, kutoka mti hadi mti, kama watu wanavyofanya kutishia ndege. Upepo ukipita ulivuma. "Ndege wanaogopa," alisema, na tukaingia ndani.

Akaniuliza, "Kadi zimeisha?" Hapo sina budi kuandika jambo ambalo sikumwambia. Ilikuwa imebaki kadi moja niliyoijua. Ilikuwa ya Issa, mkulima wa mwani wa Songo Mnara, aliyekuwa akija Masoko kuuza mwani na kujaza nyimbo. Nilipomwomba alikataa kwa upole. Mke wake alikuwa amefariki kwa uzazi miezi michache nyuma. "Alikuwa anakunia nazi kwa wimbo huu, dada. Gitaa likienda mbio na yeye anakwenda mbio, nazi inaruka nje ya beseni, tunacheka. Nikuombe uniachie." Nilimwachia. Nilimwambia tu asimrushie mtu, akaapa. Kwa hiyo Bi Zuhura aliponiuliza, nilisema zimeisha. Alinishika mkono akaniombea dua ndefu kwa jina langu na la mama yangu, na mimi nikaitikia amina kwa kila neno. Kisha akasema kitu kinachonifanya niandike sasa bila kuogopa: "Nikiondoka, habari yangu isimulie ukitaka. Habari haichezwi."

Miaka kumi na zaidi ilipita. Fundi Chande alifunga karakana yake, mimi nikafungua duka la vitenge, na kadi zikatoweka zenyewe kwenye maisha ya watu. Niliporudi kutoka msibani sikulala vizuri siku tatu. Siku ya nne nilipanda boti ya mashine kwenda Songo Mnara.

Issa nilimkuta anageuza mwani uliotandazwa kwenye majani ya mnazi. Mvi zilikuwa zimeanza. Alinitambua baada ya muda. "Somoe wa nyongeza," alisema. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wake, na kwa mara ya kwanza nilimweleza mtu mambo yote, tangu kaseti hadi beseni la mihogo. "Kwa hiyo alikuwa mtu," alisema. Nikasema alikuwa mtu. "Mimi niliambiwa jini." Aliingia ndani akatoka na kopo, na ndani ya kopo kadi imefungwa kwenye nailoni. Simu yake ya zamani ilishakufa. Alikuwa ameoa tena, na mke huyu ni mzuri, alisema, kwa hiyo hakuusikiliza. Lakini kuufuta alishindwa. Niliiweka kadi kwenye simu yangu. Jina lilikuwa lile lile nililoliandika.

"Tuusikie mara moja, halafu ufute," alisema.

Na mimi nilitaka. Sikuwa nimeusikia tangu mwaka ule wa kuufuta, na kidole changu kilikuwa juu yake tayari. "Hapana, kaka Issa," nilisema. "Ameshazikwa. Akiimba sasa, hawezi kujinyamazisha."

"Na mke wangu?"

Niliondoa kidole kwenye simu. Aliokota jani moja la mwani likavunjika mkononi mwake. Baadaye alisema, "Futa wewe. Mimi sitazami." Nikafuta. Nilimrudishia kadi, akaifunga tena kwenye nailoni kama ilivyokuwa.

Aliponisindikiza kuelekea boti aliniuliza, "Wewe unaujua wote?"

"Neno kwa neno."

"Basi usije ukauimba."

Nilimwahidi. Ndani ya boti mama mmoja aliniuliza kama nina kichefuchefu, akataka kunipa limau, kwa sababu nilikuwa nimebana midomo. Nilitikisa kichwa. Wimbo ulikuwa umenijia wote, kuanzia besi, na nilikuwa nimefika pale anapoingia Bi Zuhura.